Uraia Haustaafu



Wiki chache zilizopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja jina, kuthibitisha kwamba ningali hai. Usicheke. Sisi tulioacha utumishi wa umma tumezoea safari za namna hiyo. Mstaafu hutakiwa afike yeye mwenyewe, kitambulisho mkononi, aonekane kwa macho kwamba hajafa, ndipo jina lake libaki katika orodha ya malipo. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa maana hazina ya umma haipaswi kuwalipa marehemu. Ugomvi wangu unahusu jambo dogo lililotokea pale mezani.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Alinipa kiti, akaniita mzee, akanivumilia wakati mashine ilipokataa mara tatu kuzitambua alama za vidole vyangu, vidole vilivyoshika chaki kwa miaka 35. Alipofika kwenye sehemu ya fomu inayouliza kazi ya mtu, aliinua macho akaniuliza, "Zamani ulikuwa nani, mzee?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwamba ningali mwalimu wa Kiswahili. Akatabasamu, akainama, akaandika neno moja la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu maana yake ni "hakuna".

Nilitoka pale nikiwa nimethibitishwa kuwa hai na kuwa si kitu, vyote viwili katika karatasi moja. Njia nzima kurudi nyumbani nilijiuliza ni kipi kilichoniuma. Je, ni lile neno la kijana, au ni kule kutambua kwamba kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilikuwa nikilisema moyoni mwangu bila kuandikiwa na mtu? Makala haya ni jibu langu. Nayaelekeza kwako uliyevuka miaka 60, nayaelekeza kwako kijana unayedhani hayakuhusu, na nayaelekeza kwa wenye mamlaka wanaopanga mambo ya nchi kana kwamba raia huanza kufifia siku anapokabidhi funguo za ofisi.

Neno lenyewe linasema nini

Mwalimu wa lugha hawezi kuanza pengine isipokuwa katika maneno. Kitenzi "kustaafu" tumekipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuondolewa katika kazi. Tazama vizuri: ni kuondolewa katika kazi. Hakuna mahali neno hilo linaposema kuondolewa katika ujirani, katika maamuzi ya kijiji, au katika hesabu ya watu. Mtu huacha dawati, akabaki na uraia wake wote, kwa kuwa uraia hakupewa na mwajiri.

Sasa litazame neno jingine. Kiswahili humwita aliyekomaa "mtu mzima", na hali yake huiita "utu uzima". Wazee wetu wa lugha wangeweza kuiita hali hiyo kuchoka, kuchakaa au kupungua. Hawakufanya hivyo. Walichagua neno linaloashiria kitu kisichopungukiwa, kilicho kamili, kama chungu kisicho na ufa. Kwa mujibu wa lugha hii, kadiri miaka inavyoongezeka ndivyo utu unavyotimia.

Nisiisifu lugha yangu kupita kiasi. Tunalo pia neno "ajuza" kwa mwanamke mzee sana, na shina lake la Kiarabu ni lile lile lililotupa "ajizi": kushindwa, kutoweza. Kwa hiyo ndani ya kamusi moja tumebeba hukumu mbili zinazogombana kuhusu uzee. Moja yasema mzee ni mtu aliyetimia, ya pili yasema ni mtu aliyeshindwa. Kila jamii huchagua ni ipi itakayoifuata katika sheria zake, katika nyumba zake na katika fomu zake. Nadai kwamba sisi, kwa vinywa vyetu, tunaichagua ya kwanza, na kwa matendo yetu tunaishi ya pili.

Kosa la kwanza: kumpima mtu kwa mshahara

Siku hizi nchi nzima huzungumza lugha ya "nguvu kazi". Wapangaji wa uchumi hutuambia kwamba Uganda ni nchi changa, kwamba karibu nusu ya wananchi hawajafika miaka 18, na kwamba wanaozalisha hawana budi kuwabeba wasiozalisha. Takwimu hizo ni za kweli. Lakini chunguza namna mzee anavyoingizwa katika hesabu hiyo: anawekwa upande wa mzigo, pamoja na watoto wachanga, kisha mstari unapigwa. Mtoto angalau huhesabiwa kuwa matumaini. Mzee huhesabiwa kuwa gharama.

Nakuomba unijibu swali moja. Ugonjwa wa ukimwi ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu, mwaka 1982, huko Kasensero katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, na miaka iliyofuata ulipowachukua baba na mama nyumba baada ya nyumba, ni nani aliyebaki na watoto? Hakuwa mpangaji wa uchumi. Walikuwa bibi, wale ambao Waganda huwaita jjajja, wanawake waliokwisha kulea watoto wao na kuwazika, wakaanza upya kulea wajukuu watano, sita, saba, kwa jembe la mkono na mashina machache ya migomba. Kizazi kizima cha Rakai na Masaka kilivushwa mto na mikono iliyokwisha "kustaafu". Leo wajukuu hao ni walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara; yamkini yumo hata yule anayejaza fomu. Kazi hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mishahara. Lau wale bibi wangeulizwa kazi yao, kalamu ingeandika neno lile lile: hakuna.

Ndiyo maana nasema kwamba mizani inayomwonyesha mtu kama huyo kuwa na uzito sufuri ni mizani mibovu, na mizani mibovu haisahihishwi kwa kumlaumu anayepimwa.

Utasema, "Mwalimu, serikali imewakumbuka wazee." Ni kweli, na haki itendeke kwa kila upande. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika malengo ya taifa, inaitaka dola iweke mpango wa kuridhisha kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Ibara ya 254 inasema pensheni ya mtumishi wa umma ilingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi wake, isitozwe kodi, ipitiwe mara kwa mara kwa kuzingatia kubadilika kwa thamani ya fedha, na ilipwe kwa haraka, kwa mfululizo, na kwa njia iliyo rahisi kwa mstaafu. Maneno hayo ni mazuri. Nakushauri uyakariri, maana haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama akiba iliyozikwa shambani bila alama.

Lakini wengi wa wazee wetu hawakuwa watumishi wa umma. Walikuwa wakulima, wavuvi, mafundi, wanawake wa sokoni. Kwa ajili yao ulianzishwa mwaka 2010 mpango wa ruzuku ya wazee, kwanza katika wilaya chache na kwa waliofika miaka 65, kisha ukaenezwa nchi nzima kwa waliofika miaka 80. Kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Piga hesabu nami kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Hizo ni shilingi 300,000 kwa mwaka, nazo ukizigawa kwa siku 365 unapata karibu shilingi 822. Nimewaona wazee wakizipokea kwa furaha ya kweli, wakanunua sabuni, chumvi na dawa, wakamnunulia mjukuu daftari. Sidharau kitu kinachomwezesha bibi kununua daftari. Ninachouliza ni kuhusu ule umri wa miaka 80, katika nchi ambayo wastani wa matarajio ya kuishi tangu kuzaliwa haujafika miaka 70. Mtaalamu atanisahihisha kwamba wastani huo unashushwa na vifo vya watoto wachanga, na kwamba aliyefika 60 huwa na matumaini ya kwenda mbele zaidi. Nakubali. Hata hivyo, baina ya 60 na 80 kuna miaka 20, na tumbo halingoji sera.

Isitoshe, wapo waliofika umri huo wakakosa haki yao kwa sababu kitambulisho cha taifa kiliandikwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi, au kwa sababu vidole vilivyolima maisha yote vimefutika alama. Fikiria hukumu hiyo: jembe lililokulisha limekula ushahidi kwamba wewe ni wewe.

Kosa la pili: sifa zisizolipiwa

Kuna adui mwingine wa mzee ambaye huja na tabasamu. Huyo ni msifuji. Kila tarehe 1 Oktoba, siku ya kimataifa ya wazee iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, jukwaa hupambwa na hotuba hutolewa. Husemwa kwamba wazee ni hazina. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Husemwa, kwa sauti ya kicheko, kwamba jungu kuu halikosi ukoko.

Simama hapo kwenye ukoko, msomaji. Nimeifundisha methali hiyo miaka 35, nami sikuwahi kuisikiliza mpaka nilipokuwa ndani ya jungu. Ukoko ni nini? Ni kile kilichobaki kimegandamana chini baada ya wengine kula wakashiba. Ni kitamu, sikatai, watoto hukigombania. Lakini je, ndiyo heshima hiyo, kwamba mkikwangua mtatukuta tungalipo? Naitafsiri upya methali hiyo kwa niaba ya wenzangu: msilikwangue jungu baada ya karamu, lileteni mezani wakati wa kupakua.

Yupo Amadou Hampâté Bâ, mwandishi wa Mali, aliyesema mbele ya UNESCO mwaka 1960 kwamba katika Afrika mzee anapokufa ni kama maktaba iliyoungua. Alikuwa akiwatetea wazee wenye elimu ya mapokeo ambayo haikuwa imeandikwa, na alikuwa na haki. Lakini tangu hapo usemi huo umegeuzwa kuwa pambo la mazishi. Watu huja msibani wakaililia maktaba ambayo kwa miaka kumi hawakuingia kuazima hata kitabu kimoja. Wanaomboleza vizuri, wanachangia turubai, wanachinja ng'ombe. Yule mzee, alipokuwa hai akihitaji miwani, hakuna aliyeitisha mchango.

Tena mfano wa maktaba una mtego. Unamthamini mzee kwa kuwa ana kitu cha kutupa. Je, mzee aliyesahau? Je, yule ambaye kumbukumbu zimemponyoka, asiyemjua tena mwanawe? Maktaba yake imekwisha kuungua naye angali amekaa kivulini, anakunywa uji. Hana thamani? Iwapo thamani ya mtu ni habari alizozihifadhi, basi tumerudi kule kule kwenye mizani mibovu. Tumebadilisha jiwe la kupimia tu.

Hali kadhalika na mashujaa wetu wa uzeeni. Nampenda Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeimba na kupiga ngoma hadi uzee wa mbali sana, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akafariki mwaka 2013. Nampenda Kimani Maruge wa Kenya, ambaye mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptula na soksi akaingia darasa la kwanza mjini Eldoret, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo, akaenda hadi New York kutetea elimu. Hao ni fahari yetu. Ila tusiwageuze kuwa kiboko cha kuwachapia wengine. Mzee asiyeimba jukwaani, asiyesafiri ng'ambo, ambaye kutwa yake ni kufagia uwanja na kuwasalimu wapita njia, si mzee aliyeshindwa. Haki ya heshima haidai kwanza cheti cha maajabu.

Kosa la tatu: letu wenyewe

Sasa nawageukia wenzangu wa rika langu, na hapa sitakuwa mpole.

Nani alitufundisha kuomba radhi kwa kuwa hai? Tunaingia katika mkutano wa kijiji tukitanguliza, "Mimi ni mzee tu, sina la kusema." Tunawaambia wanetu, "Msihangaike na mimi, mimi ni wa kuondoka." Tunalipamba neno hilo kwa jina la unyenyekevu, ilhali mara nyingi ni kukata tamaa kulikovaa kanzu. Wengine wetu hufanya kinyume chake: kwa kuwa ndani wanajiona si kitu, hunguruma, hulaani, hutaka kila neno lao liwe la mwisho. Uoga na ukali huo ni watoto wa mama mmoja. Wote wawili hutokana na kutokaa chini tukajihesabu.

Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kule kuyarudia maisha yaliyopita, ambako watu walikuwa wakikuita upuuzi wa kizee au dalili ya akili kuchoka, ni kazi halali ya nafsi: mtu anapokaribia mwisho huyafungua mafaili ya maisha yake, akayapanga upya. Ni huyo huyo aliyebuni, mwaka 1969, neno la Kiingereza la kuuita ubaguzi wa umri kwa jina lake. Kabla yake, Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alikuwa ameyagawa maisha katika hatua nane, na hatua ya mwisho aliiona kuwa shindano baina ya ukamilifu wa nafsi na kukata tamaa. Ukamilifu. Hakujua, nadhani, kwamba Waswahili walikuwa wameliweka jambo hilo katika maneno mawili: utu uzima.

Nasi tunayo mapokeo yetu ya kujihesabu. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi, akaukusanya ujuzi wa maisha yake na kuukabidhi. Shaban Robert alituachia *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, naye alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu. Hakungoja hadi awe kikongwe ndipo atazame nyuma. Aliona kwamba maisha ya mtu wa kawaida, mwenye kazi ya ukarani na mashaka ya kila siku, yanastahili kuandikwa kwa sentensi zilizonyooka.

Nami basi nimejihesabu, na si haki nikutake ufanye jambo nililolikimbia. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tororo, na Kiswahili nilikipata kwake na kwa wenzake wa relini kabla sijajua kusoma. Nilikuwa na miaka 12 mwaka 1973, Idi Amin alipoamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Nilikuwa na miaka 18 alipoangushwa, na kwa miaka mingi baadaye lugha niliyoipenda ilinuka baruti puani mwa Waganda wengi. Iliitwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Nikaichagua kuwa kazi yangu. Nilifundisha somo la hiari, darasa likiwa na wanafunzi kumi, mara nyingine wanne, kwa vitabu vilivyochakaa, huku walimu wenzangu wakiniuliza kwa mzaha kama naandaa jeshi.

Sasa sikiliza aibu yangu. Mwaka 1998 alikuwapo msichana mmoja mwenye kipaji kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alinijia akaniambia anataka kuendelea na Kiswahili. Nikamwambia, "Mwanangu, lugha hii haitakufikisha popote. Chukua somo jingine." Akatii. Mimi, niliyewatetea Waswahili mbele ya kila mtu, sikukiamini nilichokifundisha. Nilikuwa nimeyameza matusi yao mpaka yakawa maoni yangu.

Mwaka 2021 nilifikisha miaka 60 nikastaafu. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri lilipitisha azimio kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nacho tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kilikuwa kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Niliisikia habari hiyo redioni nikichambua maharagwe. Nakiri kwamba sikushangilia. Nililia kwa hasira, kama mtu aliyengoja gari tangu alfajiri, akaondoka kituoni, na nyuma yake akaisikia honi.

Siku moja nikapita Busia, mpakani. Mwanamke mmoja mwenye duka la nafaka akatoka mbio akanipigia goti. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yule msichana. Anafanya biashara na Wakenya, na Kiswahili chake ni safi. Amekijenga mwenyewe sokoni juu ya msingi tuliouweka darasani. Nikamwomba msamaha. Akashangaa, akasema, "Mwalimu, mimi nakumbuka ulivyotusomea hadithi. Hilo jingine nimelisahau." Sikuliamini kabisa neno lake la kusahau, wala sikulikataa. Tulikaa, tukanywa chai.

Hapo nikaelewa jambo ambalo fomu haiwezi kuliandika. Hesabu ya maisha haitoki sufuri kwa kuwa ina madeni. Nilikosea, nami nilifundisha. Niliogopa, nami nilibaki darasani miaka 35 wakati wengine waliondoka. Sikuwa mshindi wa jambo lolote ambalo gazeti lingelichapisha. Nilikuwa jiwe moja katika msingi, na jiwe la msingi halionekani nyumba ikisha simama. Thamani yangu haikungoja azimio la mwaka 2022 ili iwepo, na haikufutwa kwa kalamu ya kijana. Iwapo ingefutika kwa kalamu, ingekuwa mali ya mwenye kalamu.

Majibu kwa wapinzani

Yupo atakayesema: "Mwalimu, bara hili limeteseka kwa wazee wasiotaka kuondoka. Vijana hawana ajira, nawe unataka wazee watukuzwe zaidi?" Hoja hiyo ina uzito, siikwepi. Lakini inachanganya mambo mawili: heshima na mamlaka. Mtu hapaswi kuhodhi kiti kwa sababu ya umri wake, na hapaswi kunyimwa utu kwa sababu ya umri wake. Tena nadhani yale mawili yameshikana. Mahali ambapo kuacha cheo ni sawa na kufa, nani ataacha cheo kwa hiari? Tukijenga nchi ambamo aliyestaafu angali mtu kamili, anayesikilizwa na kutunzwa, tutakuwa tumewaondolea wang'ang'anizi kisingizio chao kikubwa. Heshima kwa mstaafu ni faida ya kijana anayengoja nafasi.

Mwingine atasema fedha hazitoshi. Huenda. Lakini kumwandika mtu vizuri hakuhitaji fedha. Kurekebisha tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa, kumwekea mzee benchi mahali anaposimama foleni saa nne, kumwita katika kikao kabla uamuzi haujapitishwa, hayo yanahitaji fedha kiasi gani?

Wa tatu atasema wazee wanao wawakilishi. Ndiyo, tangu mwaka 2021 wapo wabunge watano wa wazee katika Bunge lenye wabunge zaidi ya 500, na ipo sheria ya mwaka 2013 iliyounda baraza la taifa la wazee. Basi viti hivyo ni vyetu. Ni wangapi kati yetu tunaowajua kwa majina wanaotuwakilisha? Ni wangapi tuliowahi kuwaandikia barua? Hatuwezi kulalamika kwamba mlango umefungwa wakati hatujaugonga.

Kazi ya nyumbani

Mwalimu haachi darasa bila kutoa kazi. Wewe uliye na umri wangu: chukua daftari, uandike maisha yako, kurasa kumi tu. Andika ulilolijenga, na ulilolivunja uliandike pia. Usiwaandikie wajukuu kwanza, jiandikie wewe. Ukimaliza, nenda katika mkutano wa kijiji, uketi mbele, useme neno lako bila kutanguliza radhi.

Wewe kijana: kabla ya mwezi huu kwisha, nenda kwa mzee mmoja ambaye huna shida naye, usiyemtaka ushauri wala baraka wala shamba. Kaa naye saa moja. Usimuulize alikuwa nani. Muulize habari za leo.

Nawe unayetunga fomu: ongeza mstari mmoja.

Kwa upande wangu, nimepangiwa kurudi katika ofisi ile mwakani. Nitamwomba yule kijana kalamu, kwa upole, nami nitaijaza sehemu ile kwa mkono wangu mwenyewe: mwalimu wa Kiswahili, mstaafu. Akisema nafasi haitoshi, nitaandika pembeni.